Maswali ya Lugha: Kwa nini "run" si kukimbia tu?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafanya kazi mapokezi katika hoteli moja ya watalii jijini Arusha. Asubuhi moja mgeni alipiga simu kutoka chumbani akasema kwamba bomba la bafuni "is running" na halifungiki, kisha akasema kwamba "we have run out of hot water", na mwisho akauliza kwa hasira, "Who runs this hotel?" Shuleni nilifundishwa kwamba "run" ni kukimbia, na kamusi niliyo nayo inanipa orodha ndefu ambayo siwezi kuikariri. Je, neno hili lina maana ngapi, na mtu kama mimi alishike vipi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Ndugu msomaji, pole kwa asubuhi hiyo. Hesabu ninaitaja mapema ili uache kujilaumu. Wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford, ambayo wazo lake lilizaliwa London mwaka 1857 na toleo lake la kwanza likakamilika mwaka 1928, walipolipitia upya neno hili kwa ajili ya toleo la tatu walifikisha maana 645 za kitenzi peke yake, bila kuhesabu nomino. Peter Gilliver, mhariri aliyekabidhiwa kazi hiyo, aliifanya kwa takriban miezi 9. Katika toleo la mwaka 1989 neno lililoongoza kwa wingi wa maana lilikuwa "set", nalo sasa limepitwa. Hakuna Mwingereza anayezikariri maana hizo zote. Anachokijua tangu utotoni ni njia mbili ambazo sehemu kubwa ya maana hizo hupitia, na njia hizo sisi Waswahili tunazo tayari midomoni mwetu.

Katika Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, palikuwa na kitenzi kimoja kilichobeba kwenda mbio pamoja na kutiririka, na kando yake kitenzi cha pili, ndugu yake, kilichomaanisha kukifanya kitu kiende mbio, hasa farasi. Kadiri karne zilivyopita, vitenzi hivyo viwili vilifanana matamshi hadi vikawa neno moja. Wajerumani, ambao lugha yao ina asili moja na Kiingereza, hadi leo wanavitenganisha: "rinnen" ni kutiririka na "rennen" ni kukimbia. Kwa hiyo mgeni wako aliposema bomba "is running" hakuwa anatumia tamathali yoyote, kwa kuwa maji yamekuwa ndani ya neno hilo tangu mwanzo. Ndivyo ilivyo kwa pua ya mtoto mwenye mafua, kwa machozi yanayomchuruzika mtu mashavuni, na kwa kanga mpya inayotoa rangi ikilowekwa, ambayo Mwingereza ataieleza kwa kusema "the colours have run".

Njia ya pili ndiyo ninayoomba uishike kwa mikono miwili. Kiswahili kina viambishi vya kusababisha: gari linakwenda, dereva analiendesha, mbuzi anakimbia, mbwa anamkimbiza. Kiingereza kiliupoteza utaratibu wa namna hiyo karibu wote, na matokeo yake ni kwamba "run" inalazimika kuwa enda na endesha kwa wakati mmoja. "The engine runs" ni injini inafanya kazi, "he runs the engine" ni anaiendesha. Swali la mgeni wako lilikuwa ni nani anayeiendesha hoteli, basi, na tafsiri hiyo inakwenda neno kwa neno bila kuchubuka. Akikuambia kesho "Could you run me to the airport?" anaomba apelekwe kwa gari uwanja wa ndege. Hapo yuko karibu sana nasi tunaposema jirani alimkimbiza mgonjwa hospitalini, ingawa katika Kiingereza hiyo "run" haina haraka iliyomo katika kukimbiza kwetu. Hata ugonjwa umezikutanisha lugha hizi mbili: sisi tunasema mtoto anaendesha, wao wanasema ana "the runs", na kila upande hutumia maneno hayo nyumbani zaidi kuliko mbele ya wageni.

Kuhusu maji ya moto, angalia jinsi sarufi zetu zinavyolingana. "The sugar has run out" ni sukari imekwisha. "We have run out of sugar" ni tumeishiwa sukari. Kitenzi hicho hicho, kwanza kitu ndicho kilichokwisha, kisha mtu ndiye aliyeishiwa. Ninaona ni hasara kwamba vitabu vingi vya shule huwapa wanafunzi "run out" kama msamiati wa kukariri, wakati "isha" na "ishiwa" zingelieleza jambo hilo kwa dakika moja.

Sitakuficha kwamba njia hizi zina mashimo. Mtu anaye-"run a temperature" haiendeshi homa, bali anayo. Anaye-"run a risk" anajitia hatarini. Anaye-"run a bath" anafungulia maji ya kuoga. Na anayesema "I am running late" huenda ameketi kitini, ila amechelewa. Viambatanishi pia vinahitaji uangalifu mkubwa. "I ran into your brother" ni habari njema, maana nimekutana naye bila kutarajia. "I ran over your brother" ni habari ya polisi, maana nimemkanyaga kwa gari. Vifungu vya namna hii jifunze kimoja kimoja, kila kimoja pamoja na sentensi yake, wala usijaribu kuvipima kwa kukimbia.

Nahau nazo nizigusie kidogo. "In the long run" ni baada ya muda mrefu, mambo yakishatulia. "Run of the mill" ni kitu cha kawaida tu, na picha yake ni ya kiwandani: bidhaa kama zilivyotoka mtamboni kabla hazijachambuliwa. Ninayoipenda zaidi ni ile ya mtu anayekimbia na sungura huku akiwinda pamoja na mbwa, "to run with the hare and hunt with the hounds". Sisi tunaye nyoka wetu kwa jambo hilo, naye ni ndumilakuwili.

SWALI: Kwa nini magazeti ya Marekani husema mwanasiasa "runs" for president, wakati ya Uingereza husema "stands" for Parliament? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Ni picha mbili za tendo moja. Mwingereza humwona mgombea akisimama mbele ya watu ili wamkubali au wamkatae. Mmarekani humwona yuko mashindanoni. Kiswahili kimechagua picha ya tatu, kwa kuwa kugombea kumetokana na kugomba, na anayegombea kiti anakitaka huku wengine nao wakikivuta. Kwa maoni yangu picha yetu ndiyo iliyo karibu zaidi na kampeni ninazozifahamu. Ukiandika kwa Kiingereza, chagua kwa kuzingatia msomaji wako. Nyumbani kwako Kenya utaona magazeti yakipenda neno "vie", ambalo ni kushindana, na Mkenya yeyote atakuelewa, ila mgeni wa London atahisi kwamba neno hilo limekaa pasipo mazoea yake.

Mwenzake "run" katika siasa ni "running mate". Hapo mwanzo alikuwa farasi: mwenye zizi alimwingiza mbioni farasi wa pili ili amwekee mwendo yule aliyetegemewa kushinda. Wamarekani wakalichukua neno hilo kwa mgombea wa nafasi ya makamu wa rais. Sisi tunasema mgombea mwenza, neno ambalo Wakenya walilizoea katika uchaguzi wa mwaka 2013, wa kwanza chini ya Katiba ya mwaka 2010, na ndani yake hakuna farasi hata mmoja.