Je, naweza kujiita mtaalamu wa tiba ya sanaa?

SWALI: Shikamoo dada. Naishi Leicester, nina diploma ya uchoraji, na kila Jumamosi nachora na wakazi wa nyumba moja ya kulelea wazee. Wengine walikuwa hawasemi na mtu, sasa wananisubiri mlangoni. Meneja amenishauri nichapishe kadi zenye jina la mtaalamu wa tiba ya sanaa ili nipate kazi na kwingine. Je, nifanye hivyo? Na kama ni lazima nisome, nianzie wapi? – N.

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Kadi hizo usizichapishe. Hapa Uingereza jina hilo linalindwa na sheria. Anayeruhusiwa kulitumia ni yule aliyesajiliwa na HCPC, baraza linalosimamia taaluma kadhaa za afya, na kulitumia kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai. Meneja wako hana ubaya, ila mwombe asikutambulishe hivyo mbele ya familia za wazee. Andika kwamba wewe ni msanii unayefanya kazi na wazee. Ni kazi halali, na ina heshima yake.

Kinachotutenga wewe na mimi, mtaalamu wa tiba ya sanaa, si kipaji. Huenda wewe ni mchoraji bora kuliko mimi. Mteja wangu huja siku ileile, saa ileile, chumba kilekile. Tumekubaliana tangu mwanzo kwa nini anakuja, picha zake zitafungiwa wapi, nani anaruhusiwa kusoma kumbukumbu zangu, na ni jambo gani likijitokeza nitalazimika kumwarifu daktari wake. Mzee mmoja (maelezo nimeyabadilisha ili asitambulike) alikuwa akipaka rangi nyeusi ukurasa mzima, kila wiki, mpaka karatasi inatoboka. Kwenye darasa la uchoraji ungempa karatasi nzito zaidi na kumwonyesha namna ya kuacha sehemu ya mwanga. Mimi nilikaa naye. Sikumwambia kwamba nyeusi ni huzuni, kwa sababu rangi haina maana moja kwa watu wote. Alipofungua kinywa, alisimulia jambo zito la utotoni ambalo hata mkewe hakulijua. Nilikuwa nimefundishwa kulipokea, na nilikuwa na mtaalamu mzoefu anayenisimamia, ambaye kwake nalipeleka jambo kama hilo kabla halijanielemea. Jumamosi moja likitokea kwako, utampelekea nani?

Usione kama nakufukuza. Taaluma hii imeanzishwa na wasanii. Mchoraji Adrian Hill ndiye aliyeipa jina mwaka 1942, baada ya kulazwa kwa kifua kikuu katika sanatoria ya Midhurst, Sussex, na kuona uchoraji unavyomsaidia yeye na wagonjwa wenzake. Mwaka 1946 Edward Adamson, msanii pia, alianza kazi katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Netherne, Surrey, akawapa wagonjwa rangi na nafasi, akajizuia kuwaelekeza wachore nini. Chama cha wataalamu, BAAT, kikaanzishwa 1964. Wao waliingia bila cheti kwa kuwa hakikuwapo. Wewe utakihitaji.

Cheti chenyewe ni shahada ya uzamili, kwa kawaida miaka miwili ukisoma muda wote au mitatu ukisoma huku unafanya kazi. Kabla hujalipa hata senti, fungua tovuti ya HCPC uhakikishe kozi hiyo imo katika orodha ya zilizoidhinishwa. Kuna kozi fupi nyingi za mtandaoni zenye majina ya kuvutia, na hakuna hata moja itakayokupa usajili. Sehemu kubwa ya masomo ni mafunzo ya vitendo hospitalini, shuleni au kwingineko, chini ya msimamizi. Nawe mwenyewe utatakiwa kuwa mteja wa tiba kwa muda wote wa masomo. Watu wetu wengi hushtuka hapo, wakiona ni kuanika mambo ya nyumbani kwa mgeni. Mimi naliona ndilo sharti muhimu kuliko yote, maana utajua jinsi inavyouma kuulizwa. Weka akiba, kwani gharama yake mara nyingi haimo katika ada.

Vyuo vingi hupendelea shahada ya kwanza ya sanaa, lakini baadhi huwapokea wenye sifa nyingine pamoja na uzoefu. Waandikie ueleze diploma yako na kazi ya wazee. Jumamosi hizo zina uzito, basi mwombe meneja akuthibitishie kwa barua. Ukishasajiliwa, usajili huhuishwa kila baada ya miaka miwili, nawe unatakiwa kuendelea kujifunza na kuweka kumbukumbu zake. Ajira zipo NHS (huduma ya afya ya taifa), shuleni, magerezani na kwenye hospisi, wanakotunzwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona, ila nyingi ni za siku chache kwa wiki, na wengi wetu tunaunganisha mbili.

Kwenye usaili utaombwa kabrasha la picha. Peleka zako mwenyewe, hata zile usizozimaliza. Za wazee ziache kulekule. Ni mali yao, na hazitoki humo bila wao kuridhia.