IST ya shemeji, Canter ya Uyole na bodaboda ya mkataba: kila chombo kina bima yake

Mkuu, swali lako la bima ipi ukate kwa kila chombo limenigusa kwa sababu mimi jibu lake nililipata baada ya ajali, siyo kabla. Naomba univumilie, nitaandika kirefu.

Umesema una vyombo vitatu. Toyota IST, gari dogo la shemeji analotoka nalo Mbezi kwenda kazini Posta, Canter, lori dogo lililoko Uyole, Mbeya, linaloleta viazi Dar likiwa mikononi mwa dereva kijana, na pikipiki uliyompa kijana mwingine kwa mkataba, alipe kidogokidogo mpaka iwe yake. Wakala wa kwanza kakwambia kata bima ndogo zote tatu, "trafiki wanataka kuona stika tu". Wa pili anataka zote uzikatie bima kubwa. Kwa maelezo yako, hakuna hata mmoja aliyekuuliza hivyo vyombo vinafanya kazi gani, vinaendeshwa na nani, na kadi zake za usajili zinasoma jina la nani. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Kwa wanaosoma na bado wanachanganya: bima ndogo inamlinda uliyemgonga, yaani mwili wake na mali yake. Gari lako likikunjwa, ni lako na fundi wako. Hii ni ya lazima kisheria kwa kila chombo cha moto kinachotembea barabarani, na kwa gari dogo la binafsi watu wengi hapa tumezoea kulipa 118,000 kwa mwaka pamoja na VAT. Bima kubwa inabeba hilo, halafu inaongeza gari lako mwenyewe: ajali, moto, wizi. Kwa gari binafsi kiwango kilichozoeleka ni asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Katikati ipo ya moto na wizi pamoja na hiyo bima ndogo, ambayo mawakala wengi hawaitaji mpaka uiulize.

Sasa yaliyonikuta. Mwaka 2019 nilikuwa na IST kama ya shemeji. Nikaikatia bima kubwa, nikajaza fomu, kwenye matumizi nikaandika binafsi, na siku ile ilikuwa kweli. Miezi michache baadaye mdogo wangu akamaliza chuo, kazi hakuna, akaniomba awe anaitumia jioni kwa taksi ya mtandaoni. Nikamkabidhi funguo. Sikupiga simu bima, na ukweli ni kwamba wazo lenyewe halikunijia.

Saa nne usiku, barabara ya Shekilango, lori limeharibika limeachwa njiani halina pembetatu wala tawi la mti. Dogo akaliingia kwa nyuma akiwa na abiria wawili. Boneti ilipanda mpaka kwenye kioo, rejeta ikarudi ikagusa injini. Yeye hakupata hata mchubuko, abiria mmoja akavunjika mkono. Mkadiriaji wa hasara aliyetumwa na bima alipokuja gereji alilizunguka gari, akapiga picha, akachungulia siti ya nyuma ambako kulikuwa na kandambili moja ya kike imebaki. Akaniuliza swali moja tu: "Hawa abiria ni ndugu zenu?" Nikamwambia ukweli, na maelezo ya polisi tayari yalikuwa yameandika wateja.

Barua ya bima ilichukua wiki mbili. Gari limekatiwa bima ya matumizi binafsi, limepata ajali likiwa kwenye biashara ya kubeba abiria, dai la kutengenezewa gari limekataliwa. Nilikasirika, nikabeba mkataba nikampelekea rafiki yangu mwanasheria. Akaufungua, akaweka kidole kwenye kipengele cha matumizi, na sahihi yangu ilikuwa chini ya ukurasa uleule. Matengenezo yalikula milioni nne na ushee, na mkono wa yule dada nao niliugharamia kadiri nilivyoweza. Ile tofauti ya ada kati ya binafsi na biashara, kama ningeilipa mapema, isingefika hata robo ya hiyo hela.

Kwa hiyo IST ya shemeji: kama ni nyumbani, kazini, kanisani na sokoni, bima ya binafsi inamtosha. Siku akianza kubeba majirani wanaomlipa kila asubuhi kutoka Mbezi, hayo si matumizi binafsi tena. Mnaita mchango wa mafuta, lakini mkadiriaji atauliza wanalipa shilingi ngapi na kwa siku ngapi. Waulizeni bima kwa maandishi kabla.

Bima kubwa au ndogo? Angalia gari lina thamani gani leo na kama ukilipoteza kesho unaweza kununua jingine bila kukopa. IST ya milioni 14 nilipoikatia bima kubwa ada ilikuwa 490,000, ukiweka VAT ya asilimia 18 inakuwa 578,200. Kwa gari linalozunguka Dar kila siku mimi nalipa bila kujiuliza. Lakini una Corolla ya zamani yenye thamani ya milioni nne, inatoka Jumapili tu? Bima ndogo, hela inayobaki iweke akiba ya fundi. Kama gari lina mkopo wa benki, hilo halina mjadala, benki yenyewe itadai bima kubwa na jina lake liandikwe humo.

Thamani ndiyo sehemu watu wanajiumiza wenyewe. Wanataja ndogo ili ada ishuke. Tuseme gari sokoni ni milioni 16, wewe umeandika 12. Umekatia robo tatu ya gari. Likipata hasara ya milioni 4, bima wana haki ya kukupa robo tatu ya hasara, yaani milioni 3, halafu wakatoe na ile sehemu unayobeba mwenyewe, ekses. Wengine nao wanapandisha: gari la milioni 14 wanaandika 20 wakitegemea likiibiwa walipwe 20. Haiendi hivyo, utalipwa bei ya soko ya siku ya hasara, na ada ya zile sita za juu imeshapotea. Kila mwaka unapohuisha, pita yadi mbili tatu uulize gari kama lako, toleo lilelile na hali ileile, linauzwaje likiwa limeshalipiwa ushuru. Andika hiyo.

Na hiyo ekses, iulize kabla hujalipa. Kampuni mbili zinaweza kukupa ada ileile kabisa, moja ekses yake ni ndogo, nyingine inakata asilimia ya dai na ina kiwango cha chini. Ukikwaruza bampa la 180,000 na ekses yako ni 250,000, hakuna dai hapo. Mikataba mingi pia inaongeza ekses kama dereva ni kijana sana au leseni yake ni mpya. Kwa dereva wako wa Canter hili linakuhusu moja kwa moja.

Na Dar ina mambo yake. La kwanza ni vifaa: saiti mira, taa, redio. Gari linalala nje ya geti usiku mmoja, asubuhi vioo vyote vya pembeni havipo. Bima kubwa nyingi zinalipa vifaa kwa kikomo fulani, na wengine wanataka uwe umevichonga namba ya gari. Uliza kikomo ni kiasi gani na ni mara ngapi kwa mwaka. La pili ni maji. Anayepita bonde la Jangwani au anayekaa mabondeni anajua. Usikubali jibu la "mafuriko yamo". Omba uonyeshwe mstari ulioandikwa. Na gari likishaingia maji, usipige stata. Jirani yangu Noah yake ilisimama kwenye maji ya kufika kwenye taa, yalipopungua akaiwasha ili aitoe. Injini ilivuta maji, koneksheni rodi zikapinda palepale. Bima walilipa siti na nyaya, injini wakagoma, wakasema hiyo imeharibika kwa kuwashwa, siyo kwa mafuriko. Mwite mtu wa kuvuta, piga picha maji yalipofika, subiri.

Sasa Canter, na hapa naomba usome polepole kwa sababu ndiyo yenye hatari kubwa kuliko zote tatu. Kwanza, viazi ni vyako au vya watu? Gari linalobeba mzigo wa mwenye gari na gari linalobeba mizigo ya kukodiwa ni madaraja mawili tofauti na ada zake tofauti. Ikiwa msimu wa viazi ukiisha inakodishwa kubeba mbao za mtu, sema tangu mwanzo. Pili, bima ya gari haigusi mzigo. Canter ikilala kwenye mteremko wa Kitonga na magunia yakamwagika bondeni, bima kubwa itaangalia kichwa, chasisi na bodi. Viazi vinahitaji bima ya mizigo safarini, na hiyo unaikata peke yake.

Tatu, watu juu ya mzigo. Vibarua wanaopanda juu ya magunia kurudi mjini si abiria kwenye mkataba wa gari la mizigo. Mmoja akianguka kwenye kona, wewe ndiye mwenye gari na wewe ndiye utakayetafutwa. Mkataze dereva, na umwambie tingo, msaidizi wake, naye asikubali "lifti" za njiani. Dereva na tingo wenyewe ni waajiriwa wako, wasajili WCF, mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, maana bima nyingi za gari zinawaweka kando wafanyakazi wa mwenye chombo.

Nne, leseni. Shika leseni ya huyo kijana mkononi, soma daraja lake na tarehe ya kuisha, kisha ulinganishe na gari analoendesha. Usiamini fotokopi. Likitokea la kutokea, hiyo ni karatasi ya kwanza watakayoomba. Hili ni hata kwa shemeji: pale anapoosha gari, asiachie vijana funguo walisogeze. Kijana hana leseni, akigonga ukuta, bima watauliza nani alikuwa kwenye usukani.

Barabara yake pia ni ya kuzingatia. Mbeya mpaka Dar kuna miteremko ambako malori mazito yanakata breki, kuna Kitonga, halafu unapita katikati ya hifadhi ya Mikumi ambako nyati na twiga wanavuka usiku. Ukimgonga mnyama, bima kubwa inaweza kukutengenezea gari, lakini faini ya hifadhi ni yako. Kwa njia hiyo, Canter iliyonunuliwa kwa nguvu zako zote kuikatia bima ndogo ni kuiweka rehani kila safari. Na ikitokea siku imepata mzigo wa kuvuka Tunduma kuingia Zambia, chukua ile kadi ya njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika, kwa aliyekukatia bima. Tanzania ilijitoa COMESA lakini kwenye mpango wa kadi tumebaki, na inakubalika Zambia, Malawi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo. Ila kadi inawalinda watu wa huko utakaowagonga. Gari lako lenyewe halimo, mpaka mkataba wako uongezewe nchi hizo kwa maandishi.

Pikipiki nitaisema kwa ufupi. Ikibeba abiria, ikatiwe kama chombo cha biashara ya abiria, siyo binafsi. Bima ndogo inatosha kwa wengi, lakini kwa kuwa bodaboda zinaibiwa, ulizia ile ya moto na wizi kwa mwaka wa kwanza ambao bado hujarudisha mtaji. Na jina kwenye bima liwe lako mpaka kijana amalize mkataba na mbadilishe kadi.

Hilo la kadi linanirudisha kwenye jambo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba IST ulinunua kwa mtu mwaka jana na "stika yake ilikuwa bado ina miezi sita". Mkuu, bima haiuzwi pamoja na gari. Ile ilikuwa ya aliyekuuzia. Kama bado kadi inasoma jina lake na bima mmehuisha kwa jina hilohilo, siku ya fidia hundi haitaandikwa jina lako wala la shemeji. Kamilisha uhamisho wa umiliki TRA, mamlaka ya mapato, kisha bima ikatwe upya kwa jina la mwenye gari. Kama muuzaji alikuwa na punguzo la kutodai, yaani la ada kwa miaka asiyodai fidia, hilo lilikuwa lake pia. La kwako litaanza kuhesabiwa sasa, na ukihama kampuni uombe barua yake.

Ajali ikitokea, toa taarifa bima siku hiyohiyo, polisi wapime, na ufuatilie fomu zao, PF 90 na wenzake, mpaka uzipate. Usianze kunyoosha bodi kabla mkadiriaji hajafika, na usiandikishane na mtu barabarani kwamba utamlipa. Dai likikataliwa na unaona umeonewa, kuna Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, unaweza kupeleka lalamiko lako bila wakili.

Kabla ya yote hayo, kesho asubuhi shemeji hajawasha gari, ingia TIRA-MIS, mtandao wa mamlaka ya bima wa kuhakiki bima, weka namba ya IST, uone kama bima ipo hai na inaisha lini. Fanya hivyohivyo kwa Canter na pikipiki. Halafu toa cover note, yaani hati za bima, za zote tatu, uone ni bima ya aina gani na imeandikwa matumizi gani, uzilinganishe jina kwa jina na kadi. Ukikuta pale jina la aliyekuuzia, anza na TRA kabla hujamrudia wakala yeyote kati ya wale wawili.