Ukikutana na "ham", usikimbilie kamusi: ushauri kwa wafasiri chipukizi

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Kasulu aliniandikia ujumbe ulioanza kwa shikamoo na kuishia kwa manung'uniko. Alikuwa amepewa mwongozo wa mawasiliano wakati wa maafa autafsiri, akakutana na kifungu kinachozungumzia redio za "ham", akaitazama kamusi, nayo ikamwambia kwamba ni paja la nguruwe lililohifadhiwa kwa chumvi. "Mwalimu, nguruwe na redio vimekutana wapi?" aliuliza. Nilimjibu kwa ufupi siku hiyohiyo, lakini kwa kuwa najua wengi mnaonisoma mnataka kula kwa kazi hii kama ninavyokula mimi hapa Kigoma, nimeona nilieleze jambo hili kwa mapana.

Nianze na nyama, kwa sababu ndiyo iliyonijengea jina na kuninyima hela. Hoteli moja ya mjini ilinikabidhi menyu yake ya Kiingereza niigeuze Kiswahili, na ndani yake mlikuwa na mkate wa kubana wenye ham na jibini. Ham ni paja la nyuma la nguruwe linalotiwa chumvi na mara nyingine kufukizwa moshi. Lile la Parma, Italia, hukaushwa kwa zaidi ya mwaka mmoja na huliwa bila kupikwa. Kitimoto chetu ni nyama mbichi inayokaangwa au kuchomwa, kwa hiyo nisingeweza kuliazima jina hilo. Niliandika "vipande vyembamba vya nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi". Meneja alitaka niandike "nyama laini", akisema kwamba neno nguruwe litafukuza wateja. Nilimkumbusha kwamba Ujiji haiko mbali na meza zake, na kwamba Mwislamu anayeketi kuagiza chakula ana haki ya kujua anachowekewa mbele yake. Katika menyu hiyohiyo alikuwa ameziwekea hamburger alama ya nguruwe, ilhali ni nyama ya ng'ombe, na jina lake linatokana na mji wa Hamburg wa Ujerumani, ambao hauhusiani kabisa na paja la mnyama yeyote. Niliifuta alama hiyo. Akaniambia najitia mjuzi, akanilipa nusu. Menyu ilichapishwa kwa maneno yangu yote, na nusu ya pili sijaiona hadi leo. Sina kinyongo, ila kila nikipita pale huwa naikumbuka.

Ushauri wangu wa kwanza, basi, ni huu: kabla ya kuliuliza neno maana yake, uliza limetoka katika kazi ya nani. Mpishi ana ham yake, daktari wa timu ana yake, na mwenye redio ana yake.

Ya daktari wa timu mnaifahamu hata kama hamjui kwamba mnaifahamu. Ingieni kibanda umiza chochote cha Mwanga siku ya ligi ya Uingereza. Mchezaji akisimama ghafla na kushika nyuma ya paja, mtangazaji wa Kiingereza atasema "hamstring" kabla machela haijafika. Hapo nguruwe hayumo. Katika Kiingereza cha kale neno "ham" lilikuwa jina la sehemu ya nyuma ya goti la binadamu, baadaye likapanda hadi pajani, na ni katika karne ya 17 ndipo lilipozoeleka kuwa jina la nyama iliyo sahanini. Kaa kwenye kiti, kunja goti, uweke vidole nyuma yake: utazigusa kano zilizokaza kama kamba, moja kila upande, na hizo ndizo zilizolipa jina la hamstring nusu yake ya pili, "string", yaani kamba. Misuli mitatu inayoshuka nyuma ya paja na kuishia kwenye kano hizo ndiyo inayochanika uwanjani. Nilipotafsiri kijitabu cha huduma ya kwanza kwa walimu wa michezo niliandika "misuli ya nyuma ya paja", na mhakiki akaikata kwa wino mwekundu, akaandika "kano" pembeni. Nilimrudishia kijitabu kikiwa na maelezo haya yote, na maneno yangu yakabaki. Mkiliona neno hilohilo gazetini, kwamba mradi fulani umekuwa "hamstrung" kwa kukosa fedha, muandike umekwamishwa. Asili yake ni kumkata farasi au adui kano za nyuma ya mguu ili asiweze kwenda, lakini msomaji wa habari za bajeti hahitaji damu hiyo.

Sasa redio. Mafundi wa telegrafu, yaani mitambo ya kupeleka ujumbe kwa waya, wa Marekani, kuelekea mwisho wa karne ya 19, walimwita mwenzao "ham" ikiwa mkono wake ulikuwa mzito katika kupiga alama za Morse. Lilikuwa tusi. Walipojitokeza watu waliorusha mawimbi kwa kupenda tu, bila kuajiriwa na yeyote, walibandikwa tusi hilo, nao wakalivaa kama cheo. Mwigizaji anayepayuka jukwaani na kurusha mikono kupita kiasi huitwa vivyo hivyo, ila yeye hajawahi kulifurahia. Kiswahili kinalo neno zuri kwa watu wa redio, nalo tumekwisha kulizoea katika michezo: tunasema ngumi za ridhaa, kwa hiyo tuandike redio za ridhaa. Ridhaa hapa haina maana kwamba mtu anajirushia matangazo apendavyo. Nchini kwetu ni lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, na utambulisho wake hewani huanza kwa 5H. Mwongozo wa maafa unawataja kwa sababu mitambo yao haitegemei minara ya simu. Tsunami ilipovipiga visiwa vya Andaman vya India mwezi Desemba 2004, kundi la wanaredio wa ridhaa lililokuwa huko kwa shughuli zake lilisaidia kupeleka habari za walionusurika. Ukiandika "redio ya nyama" katika mwongozo wa namna hiyo, ofisa wa wilaya ataucheka siku ambayo anapaswa kuutumia.

Majina ya mahali msiyaguse. West Ham, timu iliyoanzishwa mwaka 1895 na wafanyakazi wa kiwanda cha meli na chuma na kupata jina lake la sasa mwaka 1900, inabeba neno la kale la ardhi iliyozungukwa na maji au kinamasi. Ile iliyo mwishoni mwa Birmingham ni neno jingine, lenye maana ya makazi. Yanafanana kwa maandishi tu.

Lipo jingine linalofanana kwa maandishi, na hili wafasiri wa mkoa wetu hawana ruhusa ya kulifanyia uzembe. Mwana wa Nuhu, ambaye Biblia yetu inamwita Hamu, kwa Kiingereza huandikwa Ham, na jina lake ni la Kiebrania. Hata katika Mwanzo sura ya 9 laana ya Nuhu haikutamkwa juu yake, ilitamkwa juu ya mwanawe Kanaani, lakini watetezi wa utumwa waliisogeza hadi ikawaangukia Waafrika wote. Mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke, aliyefika Ujiji pamoja na mwenzake Burton mwaka 1858, alichapisha kitabu mwaka 1863 akidai kwamba watawala wa falme za maziwa makuu walikuwa watu wa asili nyingine waliotoka upande wa Ethiopia. Wakoloni waliijenga juu yake nadharia ya Wahamiti, yaani watu wa uzao wa Hamu, ikafundishwa Rwanda na Burundi, na wachochezi wa mauaji ya mwaka 1994 waliitumia kumwita jirani mgeni. Ninyi mnaoishi karibu na kambi za wakimbizi mnajua watu wanaolipa gharama ya maneno ya namna hiyo.

Kwa hiyo mkipewa makala ya historia yenye neno hilo, msiliandike kana kwamba ni jina la kabila kama Waha au Wamanyema. Andikeni "wale walioitwa Wahamiti", halafu muongeze tanbihi inayoeleza ni nani aliyewaita hivyo na lini. Mteja wangu wa karibuni aliniuliza kwa nini tanbihi imekuwa ndefu kuliko aya yenyewe. Nilimwomba aisome kwanza, akaisoma, na hakuikata.