Hesabu Vifaa Kabla ya Kufunga Kifuniko

Nimekuwa fundi wa ndege vita kwa miaka tisa. Vijana wanaotaka kujiunga na jeshi la anga huniuliza zaidi habari za king'ora: marubani wanatimua mbio na ndege inapaa baada ya dakika chache. Mbio hizo zipo. Lakini dakika hizo chache zinatosha kwa sababu ndege ilikaguliwa mapema, mafuta yakajazwa, na mitambo ikajaribiwa.

Siku huanza kwa kutembea. Tunajipanga mstari mmoja, macho chini, tunaokota kokoto, skrubu na vipande vya waya kwenye maegesho ya ndege. Usiione kazi ya kufagia. Injini ya jeti hufyonza kilicho mbele yake, na kokoto moja yaweza kuharibu mapanga yake. Tairi nazo zina hatari yake: mwaka 2000, karibu na Paris, ndege aina ya Concorde ilikanyaga kipande cha chuma kilichodondoka kutoka ndege nyingine, tairi likapasuka, na watu 113 wakafa.

Kwenye sanduku la vifaa, kila spana ina namba na kitundu chenye umbo lake. Kitundu kikiwa kitupu, ndege hairuki.

Nilipokuwa bado mgeni kikosini, jioni moja nilikuta bisibisi moja haipo. Ndege ilipangiwa kuruka usiku uleule, na nilitamani sana kunyamaza. Nikamfuata sajenti: "Afande, nimepoteza bisibisi."

"Umefanya vema kusema. Mara ya mwisho uliishika wapi?"

Safari ikaahirishwa. Tulifungua upya vifuniko vyote tulivyokwisha kufunga, na baada ya saa tatu tukaikuta imelala kando ya fito zinazoendesha mabawa madogo ya mkia. Ingejibana pale angani, rubani asingeweza kuinua pua ya ndege. Kwa hiyo ukipoteza kitu, sema papo hapo, hata mbele ya mkubwa mkali. Wala usitie saini kwenye kitabu cha ndege kwa kazi ambayo hukuiona kwa macho yako, hata kama mwenzako anakuapia.

Kisha kuna pini za usalama zenye tepe nyekundu, zinazozuia magurudumu yasijikunje na silaha zisifyatuke ndege ikiwa chini. Ukizichomoa, usizitie mfukoni. Simama mbele ya ndege, ziinue juu, mwache rubani azihesabu moja moja kabla hujampa ishara ya kuondoka.