Ukikabidhiwa bunduki ya 7.62, anza na gesi na uzito

Nilikuwa kuruta nilipokabidhiwa FAL, bunduki ya Kibelgiji ya risasi ya milimita 7.62, kwa mara ya kwanza. Ina urefu wa zaidi ya mita moja na uzito wa kilo 4 na ushei kabla hujatia magazini. Nikaona nimepewa silaha ya wanaume. Wiki chache baadaye, siku ya shabaha, nilipiga risasi ya kwanza vizuri, nikavuta triga tena: kimya. Nikakoki kwa mkono wa kushoto, ikalia. Kimya tena. Wenzangu wote walikuwa wamemaliza magazini zao, mimi bado nakoki kwa kila risasi.

Sajenti aliyetufundisha aliichukua, akahakikisha haina risasi, wala hakuifungua. Alitazama mbele tu, juu ya mtutu, kwenye kizibo cha gesi. "Kuruta, herufi gani iko juu hapa?" Nikainama. "Gr, afande." "Jana nani aliisafisha?" Ni mimi niliyeisafisha, na nilirudisha kizibo kimegeuka.

Kizibo hicho kina pande mbili. A ikiwa juu, sehemu ya gesi inayosukuma risasi hupenya tundu la mtutu, ikapiga pistoni, pistoni ikarudisha nyuma bolti, yaani chuma kinachofunga nyuma ya risasi, ganda likatoka na risasi mpya ikapanda. Gr ikiwa juu, tundu limezibwa, kwa sababu ukirusha bomu la grenedi kwa mdomo wa bunduki unataka gesi yote iende mbele. Kwa hiyo FAL yangu haikuwa na ubovu wowote. Ilikuwa inafanya nilichoiamuru bila kujua.

Baadaye mimi mwenyewe nilifundisha silaha kwa miaka, na ushauri wangu wa kwanza kwa kijana anayepewa bunduki ya aina hii haujabadilika: kabla hujauliza inapiga umbali gani, jua inajiendeshaje. Kwenye FAL kuna pete ya kurekebisha gesi: ukiifungua gesi ya ziada hutoka nje, ukiifunga huenda kwenye pistoni. Ndiyo inayopuuzwa kuliko kitu chochote. Wengi huifunga kabisa ili bunduki isigome, wakaiacha hivyo. Haigomi kweli, lakini bolti inarudi kwa nguvu isiyohitajika, bega linapigwa na vyuma vinachakaa mapema. Namna sahihi ni hii. Ukiwa uwanja wa shabaha, fungua pete hadi mwisho, tia risasi moja tu kwenye magazini, piga. Bolti isipobaki nyuma, funga kliki moja, rudia. Siku itakapobaki nyuma bila kusitasita, ongeza kliki mbili za akiba, kisha ikumbuke namba hiyo kama jina lako. Vumbi likizidi au bunduki ikichafuka, unajua pa kuongezea.

Vumbi si jambo dogo. Waisraeli walisumbuliwa sana na mchanga kwenye FAL zao, na Waingereza walichonga mifereji kwenye kibebeo cha bolti cha L1A1, ambayo ni FAL yao, ili mchanga upate pa kwenda badala ya kukwamisha.

Ukipewa G3, bunduki ya Kijerumani ya risasi hiyo hiyo, sahau habari ya pete. Haina pistoni wala tundu la gesi. Bolti yake hucheleweshwa na rola mbili, na chemba, pale risasi inapokaa, ina mifereji midogo inayoacha mistari myeusi kwenye ganda. Hapo kazi yako ni kupima nafasi kati ya kichwa cha bolti na kibebeo chake kwa kipimo chembamba: iwe kati ya milimita 0.1 na 0.5. Ikipungua chini ya hapo, ipeleke kwa fundi wa silaha, usiipige tena. Nimewahi kukuta moja ambayo kipimo chembamba kuliko vyote hakikuingia kabisa, na mwenye nayo alikuwa akiisifu kwa ulaini.

Sasa uzito. Risasi moja ya 7.62×51 ina gramu 24 hivi. Ya 5.56, risasi ndogo ya bunduki kama M16, ina gramu 12 hivi. Risasi 100 ni kilo 2.4, na hujahesabu chuma cha magazini. Kwa kilo hizo hizo mwenye 5.56 anabeba 200. Hesabu hii ndiyo iliyozitoa bunduki za aina hii mikononi mwa askari wengi wa miguu. Marekani iliipokea M14, bunduki yake ya 7.62, mwaka 1957, na miaka michache tu baadaye M16 ikachukua nafasi yake. Sababu nyingine ni kupiga mfululizo. Nguvu ya risasi ya 7.62 ni karibu mara mbili ya 5.56, na ukiachia triga otomatiki, risasi ya tatu iko angani. Waingereza walilitambua hilo, wakaitoa otomatiki kabisa kwenye L1A1. Katika vita vya Falkland mwaka 1982 walikutana na Waajentina waliobeba FAL zenye otomatiki, na kupiga risasi mojamoja hakukuwaangusha. Mimi naungana nao moja kwa moja: kama swichi yako ina otomatiki, isahau.

Lakini nguvu hiyo ina mahali pake, na Afghanistan ilionyesha hilo. Adui alipiga kutoka ng'ambo ya bonde, mita 500 na zaidi, na 5.56 ilichoka njiani. Ndipo M14 zikatolewa maghalani, Waingereza wakanunua L129A1, nayo ya 7.62, kwa walenga shabaha wao, na vikosi maalumu vya Marekani vikawa tayari na SCAR-H ya 7.62, ambayo ni nyepesi kuliko FAL na ina kitako kinachokunjwa. Mtu mmoja au wawili katika seksheni wakiwa na bunduki hiyo na darubini nzuri, seksheni nzima inapumua. Kumpa kila mtu ni jambo jingine, na mimi nina wasiwasi nalo. Mwaka 2022 jeshi la Marekani lilichagua bunduki ya SIG Sauer, M7, yenye risasi ya 6.8×51. Magazini 7 za risasi 20 zinakupa 140, pale ambapo M4, bunduki fupi ya 5.56 yenye magazini za 30, ilikupa 210.

Kwa hiyo ukipewa magazini ya 20, mazoezi yako makubwa yawe kuibadilisha, gizani, ukiwa umelala kifudifudi. Kwenye FAL mdomo wa mbele wa magazini unashika kwanza, kisha unavuta nyuma hadi usikie "ta". Usiposikia, ivute chini kwa nguvu uone kama inatoka. Wengi niliowaona wakikwama walikuwa wameisukuma moja kwa moja juu kama wanavyofanya kwenye M16, ikakaa nusu, ikaanguka walipoanza kukimbia.