Mbaraka Mwinshehe ni wa Morogoro

Hapana mkuu, kwenye wasanii wako watatu ambao ungebeba nyimbo zao ukiachwa peke yako kisiwani umemweka Mbaraka Mwinshehe kama Mkenya, ila huyo sio Mkenya, ni Mtanzania wa Morogoro kabisa. Watu wanachanganya sababu alifia Mombasa, ajali ya gari Januari 1979, na Kenya walimpenda mno mpaka leo wanampiga. Ametokea Morogoro Jazz, bendi iliyoenda Japani 1970 kwenye yale maonyesho makubwa ya Osaka kuiwakilisha nchi, baadae ndo akatoka akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Mi hayo nimekulia nayo, marehemu mzee wetu pale Temeke alikuwa na kanda zake kibao, utepe ukitoka nje tunaurudisha kwa kalamu ya biki, taratibu, ole wako ukatike mkononi mwako. Ila huko kisiwani usibebe nyimbo za Volcano peke yake, za Morogoro Jazz lile gita la solo likishaingia baada ya maneno kuisha linazunguka tu mpaka mwisho wa wimbo, yani mtu upo peke yako hapo na bahari, hilo gita linatosha kabisa.