Mkalisheni muuguzi kwenye benchi la mgonjwa

Swali la wiki linauliza kama watu wazima kugawana nafasi na kuigiza, huyu daktari yule mgonjwa, kuna maana yoyote au ni kupoteza muda wa semina. Mimi nafundisha wauguzi. Nasema maana ipo, tena kubwa, mradi mtu acheze nafasi ya yule anayemhudumia, asiishie kucheza ya kwake.

Darasani tuna igizo dhima la kumpa mtu majibu ya kipimo cha VVU. Mwanafunzi akiwa muuguzi hupita hatua zote bila kukwama: salamu, faragha, ridhaa, majibu. Mbadilishe awe mgonjwa uone. Muhula huu kijana mmoja aliketi kwenye benchi, mwenzake akasimama mbele yake, faili kifuani. Tulipowasimamisha, kijana akasema baada ya "majibu yametoka" hakusikia tena kitu. Macho yake yalikuwa yanalisaka lile faili. Siku ile ile wenzake wakaanza kuvuta kiti na kuketi kabla ya kusema lolote. Mimi nilishalihubiri hilo ubaoni mpaka sauti ikakauka.

Lakini watu wakipiga makofi na kwenda kunywa chai, hapo imebaki burudani tu. Mchezaji aitwe kwa jina lake halisi, atoke katika ile nafasi, aseme alijisikiaje. Na asiyetaka kucheza aachwe: huenda majibu hayo aliwahi kupewa kweli.

Wapo wanaosema haya ni mambo ya kigeni. Ni kweli mwongozaji wa maigizo wa Brazili, Augusto Boal, katika miaka ya 1970, alimruhusu mtazamaji kusimamisha igizo, apande jukwaani na kujaribu njia yake. Lakini nendeni kwenye msiba wenye watani. Mtani huvaa koti la marehemu, akatembea kwa mwendo wake, akagomba kama yeye, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Pale hakuna aliyefundishwa semina.

Ombi langu kwa waandaaji: mkitenga nusu saa ya kuigiza, tengeni nyingine ya kulizungumza igizo. Na mwalikeni mgonjwa mmoja aliye tayari, atazame, kisha atuambie wapi tumemwigiza sivyo.